Ghala la Sisimizi Lilipopata Unyevu

"Mjomba, malkia ameota vumbi." Ujumbe uliingia saa nne usiku, na chini yake picha ya sisimizi mweusi mkubwa ambaye kichwa na miguu yake vilikuwa kama vimenyunyiziwa unga wa muhogo.

Mpwa wangu anasoma Hamburg. Huko wapo watu wanaofuga sisimizi mezani kama sisi tunavyofuga njiwa uani. Wake ni Messor barbarus, wavunaji wa kusini mwa Ulaya na kaskazini mwa Afrika, wanaoishi kwa kuokota mbegu na kuziweka ghalani. Malkia mmoja, vibarua kama 60, mrija wa kioo wa maabara na kisanduku cha plastiki cha kutembelea. Jamii hii haina malkia wa akiba. Huyu akifa, vibarua watazeeka mmoja mmoja mpaka waishe.

Mimi sifugi sisimizi. Nimezeekea kwenye maghala ya mahindi Kibaigwa, na ndiyo sababu aliniandikia mimi. Vumbi lile nilikuwa nimeshaliona kwenye magunia ya unga yaliyolala chini bila vichanja: vumbi linalotambaa. Ni utitiri.

Nilimzuia asiguse kitu mpaka aangalie kwa lenzi, kwa sababu utitiri si mmoja. Ule unaofyonza maji ya mwili wa sisimizi mara nyingi huwa mchache, wa rangi ya kahawia, na huhamahama mwilini kama kupe anayetafuta pa kuuma. Ukiuona huo, una ugonjwa mkononi. Wa malkia ulikuwa mweupe, mdogo, bapa, na umetulia tuli. Hao ni abiria. Jamii nyingi za utitiri unaokula ukungu na uozo zina hatua moja ya makuzi iitwayo hipopusi, ambayo haina hata kinywa cha kulia. Mazingira yakiharibika, mtoto wa utitiri hugeuka kuwa kidude bapa chenye vikombe vya kunata tumboni, hujigandisha kwa mdudu yeyote apitaye, kisha hungoja kushushwa penye majimaji na chakula. Hamli mwenyeji wake. Kosa lake ni uzito: abiria wakijaa kichwani na kwenye viungo vya miguu, malkia hushindwa kutembea na kusafishwa vizuri.

Basi swali halikuwa namna ya kuwabandua. Swali lilikuwa, walipanda kituo gani?

Mrija wenyewe ulijibu. Nyumba ya namna hii hujazwa maji nyuma, yakazibwa kwa pamba, na sisimizi hukaa mbele ya pamba iliyoloa. Ndiyo njia ya wafugaji karibu wote, na ya walanguzi pia: Aprili 2025 huko Nakuru, maofisa wa Kenya walikamata malkia wapatao 5,000, wengi wao Messor cephalotes, wakiwa ndani ya mirija yenye pamba, na mwezi uliofuata mahakama ikawapa washtakiwa wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Pamba iliyoloa humweka malkia hai safarini. Huwaweka hai na wadogo waliomdandia. Mrija wa mpwa wangu ulikuwa unavuja, na mbegu zilirundikwa palepale penye tope. Hakuhitaji chupa na chumvi kavu, kama tufanyavyo ghalani, kupima unyevu wa mbegu hizo; baadhi zilikuwa zimeshaota.

Hapa ndipo kazi ya ghala na ufugaji wa sisimizi vinapokutana. Utitiri wa nafaka haunywi maji kama kuku. Huyavuta kutoka kwenye mvuke wa hewa, na unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 70 hivi, hupoteza maji mengi kuliko unayoyapata. Mahindi tunayakausha hadi asilimia 13.5 ili hewa iliyo katikati ya punje isizidi kiwango hichohicho. Sisimizi, kwa upande wake, ana miguu: akiona kiu atakwenda kisimani na kurudi. Kwa hiyo unaweza kuyatoa maji ndani ya nyumba yake, na asife. Utitiri hauna uhuru huo.

Ndivyo alivyofanya. Aliandaa mrija mpya usio na maji hata tone, akaufunga karatasi nyeusi, na mrija mwingine wa maji akauweka mbali, kwenye kona ya kisanduku. Ule wa zamani akauacha wazi chini ya taa. Siku ya pili usiku walihama, mayai mdomoni, malkia akafuata na abiria wake wote. Mrija wa zamani na mbegu zake vikaenda kwenye maji yanayochemka. Mbegu mpya zilipita kwenye oveni kwanza. Nyenje wa kulisha mabuu waligandishwa kwenye friza kabla ya kutolewa, na mabaki yaliondolewa kabla ya jua kuchwa. Kisha akangoja, maana hipopusi huvumilia ukavu kuliko ndugu zake. Ila siku akishuka ili ajivue gamba na kuanza kula, hukuta sakafu kavu isiyo na ukungu, na hapo hana pa kwenda.

Kungoja ndiko kulikomshinda. Wiki ya pili alimpoza malkia kwenye friji dakika chache, akamsugua kwa brashi laini ya rangi. Walibanduka wachache tu, na mimi sikulala vizuri. Kumweka hatarini sisimizi pekee usiyeweza kumbadilisha kwa faida ndogo namna ile ni hesabu mbovu. Akaweka na kipande cha limau, kwa kuwa alisikia huwafukuza. Limau ni maji mengine ndani ya nyumba uliyoikausha! Halafu akanunua Stratiolaelaps scimitus, utitiri windaji unaouzwa kwa ajili ya mabanda ya mimea, wenye kula utitiri mwenzake. Ni silaha nzuri kwenye udongo wenye unyevunyevu. Kwenye mrija mkavu askari hao hufa kwa ukame uleule ulioandaliwa adui. Ukichagua kukausha, kausha. Ukichagua wawindaji, acha unyevu.

Dawa ya kupulizia mabanda ya kuku hakuithubutu, na alifanya vema. Haibagui.

Ukavu nao ulidai chake. Mabuu kadhaa yalinyauka kabla vibarua hawajaanza kuyasogeza karibu na kona ya maji, jambo ambalo angelizuia kwa kuuweka mrija wa maji karibu zaidi tangu mwanzo. Wiki ya tano abiria walibaki wa kuhesabika. Ya nane, lenzi haikuonyesha hata mmoja.

Juzi pamba ya mrija wa maji ililegea tena na mbegu zilizokuwa karibu zikaloa. Alipoamka alikuta vibarua wamezibeba zote na kuzitandaza sakafuni chini ya taa, punje kando ya punje, kama mtama juu ya turubai. Akaniuliza kama azirudishe ghalani. Nikamwambia aziache hapohapo, aikaze pamba.