Mkufu Utakaouzika: Namna ya Kupima Dhahabu Iliyofuliwa Mjini Bunia

Anayenunua mkufu wa dhahabu hulipia vitu viwili kwa bei moja: dhahabu yenyewe na mkono wa sonara. Siku akiuuza, atalipwa kimoja tu. Mnunuzi atauweka kwenye mzani, atausugua juu ya jiwe, atataja bei ya gramu, na yale maua madogo yaliyochongwa kwa subira hayataingia katika hesabu. Kwa hiyo pima siku ya kununua kwa jicho la yule atakayenunua kwako.

Hapa Bunia jambo hili haliwahusu matajiri peke yao. Mei 2003, mji ulipogeuka uwanja wa vita, maelfu walikimbilia Beni na Uganda na walichoweza kubeba. Nyumba haibebeki, ng'ombe huporwa njiani, noti za nchi moja hupoteza nguvu ukivuka mpaka. Bangili ya mama huuzika Beni, Arua na Kampala kwa hesabu ileile. Mama anayeweka akiba mkononi mwake anastahili kujua ameweka kiasi gani, na inauma kuona mtu anaigundua karati ya mkufu wake siku ya shida.

Tena tunaishi juu ya dhahabu. Tangu ilipopatikana mwaka 1903 katika mto Agola karibu na Kilo, mkoa wetu wa Ituri umechimbwa na wakoloni, na kampuni ya Kilo-Moto iliyoundwa mwaka 1926, na kampuni za serikali, OKIMO kisha SOKIMO, na zaidi ya wote na wachimbaji wadogo wa Mongbwalu na kwingineko. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza kwa miaka jinsi sehemu kubwa ya dhahabu hiyo inavyopitia Uganda hadi Dubai. Dhahabu ghafi, hata hivyo, ni kazi ya wenye kadi ya uchimbaji au ya biashara ya madini kwa mujibu wa sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002 iliyorekebishwa 2018, na mara nyingi bado ina zebaki ndani yake, ambayo moshi wake ni sumu. Usiichome jikoni kwako. Ninayozungumzia hapa ni dhahabu iliyokwisha kufuliwa.

Anza na hesabu. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Tuseme leo aunsi ni dola 3,110: gramu ya dhahabu safi, yaani karati 24, ni dola 100. Karati 18 ni robo tatu ya hiyo, ndiyo maana hupigwa chapa ya 750. Karati 21 ni 875, karati 22 ni 916. Gramu ya karati 18, basi, ina dhahabu ya dola 75. Duka likikuuzia kwa 95, zile 20 ni kazi ya fundi, kodi ya nyumba na faida, na hazirudi. Mnunuzi wa kesho naye atalipa chini ya 75, kwa kuwa atayeyusha, atasafirisha, na anataka kula. Kwa mkufu wa kawaida uliotoka mashineni, mimi naona nyongeza ya robo juu ya thamani ya dhahabu ni nyingi mno. Kwa kazi ya mkono ya fundi unayemheshimu, lipa, lakini ulipe ukijua kwamba hiyo ni furaha yako na si akiba.

Na asikudanganye mtu kwamba dhahabu hupanda tu. Januari 1980 aunsi ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilishuka chini ya 260. Aliyenunua 1980 na kuuza 1999 alirudi na chini ya theluthi ya pesa zake. Ilivuka 2,000 Agosti 2020, ikavuka 4,000 Oktoba 2025. Anayenunua bei ikiwa juu hivyo awe na moyo wa kungoja.

Chapa iliyopigwa ndani ya pete ni neno la muuzaji tu. Ushahidi uko kwenye jiwe na kwenye maji.

Jiwe la kupimia ni jeusi, laini, lisilodhurika kwa asidi. Fundi mwaminifu hulifuta kwanza, kisha husugua pete yako mpaka iache mstari wa njano, mfupi na mnene. Kando yake husugua sindano ambayo karati yake inajulikana. Halafu hupitisha tone la asidi juu ya mistari yote miwili, na hapo usipepese macho. Mstari wa shaba ya njano huchemka, huwa kijani na kutoweka papo hapo. Mstari wa karati ndogo hufifia pole pole ukawa kahawia. Mstari wa karati inayolingana na asidi ile hubaki kama ulivyo, sawa na jirani yake wa sindano. Linganisha mistari, usisikilize maneno. Na umwombe asugue mahali palepale zaidi ya mara moja, au atie mkwaruzo mdogo wa tupa upande wa ndani, kwa sababu kitu kilichopakwa dhahabu huacha mstari mzuri sana mara ya kwanza.

Maji nayo hayahitaji fundi. Weka kikombe cha maji juu ya mzani wa elektroniki, urudishe mzani kwenye sifuri, kisha uning'inize pete kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Pete iliyokuwa na gramu 9 ikiwa kavu, mzani ukionyesha 0.58, gawanya: utapata 15.5 hivi, na hiyo ni karati 18. Dhahabu safi hutoa 19.3, karati 22 karibu na 17.8, karati 14 karibu na 13. Shaba haifiki 9. Njia hii ina udhaifu wake. Mawe huivuruga, na mkufu wenye uwazi ndani hubeba hewa na kuonekana mwepesi kuliko ulivyo. Tungsteni ni hatari zaidi, kwani hutoa 19.25, karibu sawa na dhahabu safi. Lakini ni ngumu kupindukia na haikunjiki, ilhali dhahabu safi hukubali kukunjwa. Ndiyo sababu maji na jiwe huenda pamoja. Sumaku haitoshi: shaba na risasi hazivutwi nayo pia.

Baada ya madini, tazama kazi. Geuza kitu upande wa nyuma, ambako fundi hakutarajia uangalie. Kila kiungo cha mkufu kina mahali kilipofungwa, na hapo ndipo lehemu ilipo. Fundi mzuri hutumia lehemu ya karati ileile au iliyo karibu nayo, kidogo tu, na kwa lenzi utaona mstari usiotofautiana rangi. Fundi mvivu humwaga lehemu ya karati ndogo: utaona uvimbe uliopauka, na mkufu mzima ukiyeyushwa karati hushuka, kwa hiyo uzembe wa mkono unageuka hasara ya pesa. Kisha angalia kifungo na pete ndogo inayokishika. Hapo ndipo mikufu hukatika, na mkufu uliopotea barabarani hauna bei yoyote. Bangili yenye uwazi ndani hubonyea ikigongwa mara moja, na kuinyoosha ni taabu. Pete zenye mawe, uliza zilipimwa kabla mawe hayajawekwa au baada yake. Nimeona kioo chekundu kikilipiwa kwa bei ya dhahabu, gramu kwa gramu, na mwenye kulipa akiondoka anashukuru. Rangi pia husema: shaba nyingi huleta wekundu, fedha nyingi huleta weupe wenye ukijani, na hakuna kati ya hizo iliyo kosa mradi karati ni ile uliyoambiwa. Ukiniuliza mimi, pete nene isiyo na jiwe wala uwazi ndiyo akiba bora kuliko zote.

Sasa saa, maana wanaotoka Dubai hurudi nazo na huulizwa kama zinashinda bangili. Saa ya kifahari hubeba thamani kwa njia nyingine kabisa. Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York Oktoba 2017 kwa dola milioni 17.75, na ganda lake ni chuma cha pua. Saa zenye nembo ya jambia walizopewa watu na Sultan Qaboos wa Oman hugombewa na wakusanyaji kwa bei inayozidi sana ya zile zisizo na nembo. Thamani hiyo ni jina, historia, sanduku na karatasi, na inahitaji soko lenye watu wa kuvisoma. Hata huko haitulii: bei za saa za chuma za Rolex kwenye soko la mkono wa pili zilipaa hadi mwanzoni mwa 2022, kisha zikaporomoka. Bunia hatuna soko hilo. Mnunuzi wa hapa ataidhani ya bandia, au atalipia ganda peke yake. Kwa hiyo kama saa ni ya dhahabu, tafuta chapa ya 750 na, kwa zilizopigwa muhuri rasmi Uswisi tangu 1995, kichwa cha mbwa wa St. Bernard. Usizidishe uzito wa saa nzima kwa bei ya gramu, kwani mashine na kioo si dhahabu. Na ukiwa na saa nzuri kweli yenye karatasi zake, iuze inakojulikana.

Siku ya kuuza mkufu, hakikisha mzani umeanzia sifuri na mawe yametolewa mbele yako. Uliza bei ya gramu kwa karati yako kabla hujatoa kitu mfukoni, na uwe umeifanya ile hesabu ya aunsi nyumbani. Ukikubali uyeyushwe, simama hapo mpaka donge lipoe na lipimwe tena; uzito utapungua kidogo kwa uchafu uliokuwa umenasa, lakini ukipungua sana, dai maelezo. Siku ya kununua nayo, dai karatasi yenye jina la duka, tarehe, karati, na uzito wa dhahabu ukiwa mbali na uzito wa mawe. Mwenye duka akikataa kuandika karati kwa mkono wake, usinunue.