Meza Nayo Huhakiki

Ukicheza kadi mtaani unajua: kabla ya kugawa, mnaulizana sheria za hapa. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo kila mtu anaigiza mhusika na dadu zinaamua bahati yake, ulianza hivyo hivyo. Vijitabu vya 1974 vya Gary Gygax na Dave Arneson vilijaa mapengo, na viliwaalika wachezaji wayazibe wenyewe.

Mimi husoma vitabu hivyo kama fasihi. Sheria zake za ajabu si za aina moja. Kuna ile ya dhahabu: sarafu moja ukitoka nayo salama ni alama moja ya uzoefu. Ni kama upuuzi, mpaka uone inachofanya. Hazina ya zimwi mara nyingi ilikulipa kuliko kuliua, basi mwenye akili analinyemelea, analiibia, anahepa. Sheria hiyo imezaa hadithi za werevu.

Halafu kuna Players Handbook ya 1978. Mpiganaji mwenye nguvu 18 anaongezewa asilimia: mwanamume hadi 100, mwanamke, binadamu vilevile, mwisho 50. Eti uhalisia. Uhalisia gani, na humo humo mchawi anarusha mpira wa moto? Hii haikuzaa hadithi yoyote. Ilimwonyesha tu msichana aliyeketi mezani kiwango chake.

Toleo la 1989 liliifuta. Lakini meza haikulazimika kumngoja mchapishaji: kalamu moja, mstari mmoja, mchezo unaendelea. Uhakiki wa aina hiyo hauhitaji digrii, na mimi sina.