Mahadhi Yasiyokopwa: Kumsikiliza Bartók Southall

Mwaka 1907 Béla Bartók alikwenda Transylvania kukusanya nyimbo za wakulima wa Kiszékely. Mwaka uliofuata alitunga "Este a székelyeknél", yaani "Jioni kwa Waszékely", kipande kifupi cha piano. Wengi hukidhania kuwa nakala ya nyimbo za kijijini, ilhali mahadhi yote mawili aliyabuni mwenyewe. Ya kwanza huenda taratibu, bila kufungwa na mapigo, kama mtu anenaye. Ya pili huchezeka, kama filimbi ya mkulima. Hupokezana, na ya kwanza ndiyo yafungayo.

Je, huko ni kughushi? Msomaji wa tungo zetu ana jibu. Atungaye shairi leo haibi ubeti wa Muyaka. Hufuata mizani na vina, akasema yake.

Southall, walikofikia Wapunjabi wengi kutoka Kenya na Uganda, baadhi yao na Kiswahili vinywani, swali hilo si la wanamuziki pekee. Mtoto aliyezaliwa ugenini hunakili urithi, au hutunga ndani yake? Bartók atunga. Transylvania ilitwaliwa na Romania, naye akafia New York mwaka 1945, mtindo haukupotea.

Kasoro ni moja: jioni hii ni tulivu mno. Uchovu wa jembe hausikiki humo. Anayekumbuka kwao kwa mbali aitambue hatari hiyo: kukumbuka machweo, na kuwasahau waliorudi shambani wamechoka.