Kalibu ya Jiwe na Beji za Mtakatifu Thomas wa Canterbury

Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury nchini Uingereza, aliuawa ndani ya kanisa lake kuu tarehe 29 Desemba 1170, akatangazwa mtakatifu mwaka 1173, na kaburi lake likawavuta mahujaji ambao, kabla ya kurejea makwao, walinunua beji ndogo za metali zenye sura yake na kuzipachika kwenye kofia na majoho. Bei ya beji hizo ilikuwa nafuu, ila unafuu huo haukutokana na kazi ya kulipua, bali na jasho lililomwagwa mara moja tu, juu ya jiwe.

Kalibu, yaani kiolezo chenye uwazi ambamo metali iliyoyeyushwa humiminwa ili ipate umbo, ilichongwa kwenye vipande vya jiwe laini la chembe ndogo vilivyofungamana barabara. Mchongaji alifanya kila kitu kinyume: kilichopaswa kuinuka alikichimba, mkono wa kulia aliuweka kushoto, na maandishi, kama yalikuwapo, aliyachora kuanzia kulia. Patasi ingeteleza, mkwaruzo wake ungejirudia katika kila beji.

Kilichomiminwa kilikuwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya bati na risasi. Risasi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na bati kwenye 232, lakini zikichanganywa kwa uwiano unaofaa huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, joto ambalo jiko dogo la makaa hulifikia bila taabu, na uji wake hupenya hadi kwenye mistari myembamba ya mitra, kofia ya kiaskofu. Kipande cha nyuma cha kalibu kilikuwa na mfereji wa pini na kishikizo chake, hivyo vyote vilitoka pamoja na sura, pasipo kulehemu. Hata matundu yaliyozunguka sura, ambayo ni rahisi kuyadhania kuwa urembo mtupu, yalipunguza metali iliyotumika na uzito kwenye kofia, ingawa yaliifanya beji ivunjike upesi.

Vichupa vya maji yaliyosemekana kuchanganywa na damu ya mtakatifu, ambavyo mahujaji walivichukua pia, vilidai kazi zaidi: kiini kiliwekwa katikati ya kalibu ili kuacha uwazi ndani, na baada ya kichupa kujazwa, mdomo wake ulibanwa ukafungwa, kwani aloi hiyo ni laini na hukubali kubanwa bila moto.