Kuona "that" si kuona noun clause

Video ya kipindi kimoja cha marudio ya Kiingereza, kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), imeshazunguka kwenye magrupu ya walimu kuanzia Kahama hadi Katoro, kwa hiyo sina haja ya kuisimulia yote. Mwalimu ana sauti, ana mwandiko, na mifano yake kaitoa machimboni badala ya kutuletea theluji ya London. Hongera. Tuje kwenye dakika aliyoharibu kipindi.

Ubaoni palikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza: "The news that the pit had collapsed reached Nyarugusu before noon." Ya pili: "The news that the boy brought reached Nyarugusu before noon." Ukizitazama juujuu ni mapacha. Kazi ilikuwa kutafuta kishazi nomino, hiyo noun clause inayowatoa wanafunzi jasho kila mwaka. Binti wa safu ya pili akanyoosha mkono, akaionyesha ile ya chini, akauliza: "Sir, brought what?" Mwalimu akatabasamu, akachukua chaki nyekundu, akapiga mstari chini ya "that" zote mbili. Ukiona "that", akasema, hasa baada ya "news", "fact" na "idea", hiyo ni noun clause, tusipoteze muda. Akafuta ubao.

Akafuta ubao! Swali lililobeba somo lote limeulizwa kwa maneno matatu, na dasta likapita juu yake.

Hebu turudishe. Chukua maneno yanayofuata "that" katika sentensi ya kwanza: "the pit had collapsed". Kiima kipo, kitenzi kipo, na "collapse" si kitenzi elekezi, hakidai yambwa. Duara, yaani shimo la machimbo, limeporomoka, basi. Kishazi kimejitosheleza na kinatuambia habari yenyewe ni ipi. Sasa ya pili: "the boy brought". Kijana alileta nini? "Bring" ni kitenzi elekezi, kinadai yambwa, na ndani ya kishazi yambwa haipo, kwa sababu imeshatajwa nje: ni "news" yenyewe. Kuna pengo, na pengo hilo ndilo linalokifanya kishazi kuwa vumishi. Kinatuambia habari zipi, zile za kijana, lakini hakisemi zilihusu nini. Binti aliliona pengo kabla hajafundishwa jina lake. Mwalimu mwenye jicho angempa chaki akae pembeni.

Uthibitisho ulikuwa hatua mbili tu. Badilisha "that" kwa "which": "the news which the boy brought" inapita, "the news which the pit had collapsed" haipiti hata kwa kusukumwa. Kisha tia "was" katikati: "the news was that the pit had collapsed" ni sentensi kamili. "The news was that the boy brought" inakuacha mdomo wazi.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hawa ni watoto wa HKL. Kwenye kipindi cha Kiswahili wanachanganua sentensi kwa jedwali, kwa matawi na kwa mishale, na kishazi tegemezi vumishi wanakijua kwa jina. Wakivuka kwenda kipindi cha Kiingereza wanaambiwa waiache akili hiyo mlangoni. Lugha yao tayari imeshatenganisha mambo haya mawili. Tunasema "habari kwamba duara limeporomoka", lakini "habari alizoleta kijana". Ile "-zo-" inafuata ngeli. Weka "ujumbe" mahali pa "habari" nayo itageuka: "ujumbe aliouleta". "Kwamba" haigeuki, haina habari na ngeli yoyote. Msukuma naye ana "giki" yake kwa kazi ya "kwamba". Mwanafunzi wa Kibengali angalau ana kisingizio, maana "je" ya kwao huweza kufanya kazi zote mbili, kama "que" ya Kifaransa inavyowachanganya ndugu zetu wa Kongo. Mtoto wa Shinyanga kisingizio hicho hana. Ni sisi tunaompa.

Kanuni ya chaki nyekundu imetoka kwenye orodha za maneno ya kushtukia, "that, what, who, if, whether". Orodha hizo nimezisema hapa tangu zamani na wachapishaji wa vijitabu vya mbinu za mtihani wameninunia. Wanune. Tangu mtaala wa 2005 utangulize umahiri, uchanganuzi wa sentensi katika Kiingereza umeonekana kitu cha kizamani, na nafasi yake imechukuliwa na orodha ya kukariri. Wren na Martin katika kitabu chao cha sarufi ya Kiingereza, pamoja na ukoloni wao wote wa India, hawakuanzia kwenye neno. Walitaka kujua kishazi kinafanya kazi gani: ni kiima, ni yambwa ya kitenzi, kinafuata kihusishi, ni kijalizo, au kinafafanua nomino kama hiyo "news" yetu? Hornby, mwaka 1954, alipanga vitenzi vya Kiingereza kwa mifumo, kila kitenzi na kinachoweza kukifuata. Na mwaka 1999, TUKI ilipotoa Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya Massamba, Kihore na Hokororo, mwalimu wa sekondari alipewa zana hiyohiyo kwa lugha yake. Walimu waliolelewa na vitabu hivyo walikuwa wakali, ndiyo, lakini swali la "brought what?" lisingewapita.

Sisemi "kwamba" inatosha peke yake. Katika "What he said is true", Kiswahili kinakuja na "alichosema", yaani kirejeshi, na bado kwa Kiingereza hicho ni kishazi nomino, kiima cha "is". Ndiyo maana kazi ya kishazi iulizwe kwanza, Kiswahili kiwe shahidi wa pili. Na kuna mahali shahidi huyo anayumba kabisa: "kama". "Ask him if he has sold the gold", muulize kama ameuza dhahabu. "Call me if he has sold the gold", nipigie kama ameuza dhahabu. Neno moja, vishazi viwili tofauti: cha kwanza ni nomino, cha pili ni kielezi. Hapo tumia "-ki-". "Nipigie akiuza dhahabu" bado ni sharti. "Muulize akiuza dhahabu" imeshakuwa habari nyingine, unamsubiri auze ndipo umuulize. Kwa upande wa Kiingereza, "whether" inaingia katika ya kwanza na kugoma katika ya pili. Kipindini "if" ilitajwa ndani ya orodha ya maneno ya kushtukia, ikaachwa hapo.

Kwenye mpangilio wa maneno mwalimu alivuka salama: mwanafunzi alipoandika "I don't know where does he live", kwa kufuata "sijui anakaa wapi", alimsahihisha papo hapo.

Ila kazi ya nyumbani aliyoitoa mwishoni ina sentensi hii: "The driver said he would wait at Katoro." Humo "that" haipo, imedondoshwa kama Kiingereza kinavyoruhusu kila siku, na "he would wait at Katoro" ni yambwa ya "said", kishazi nomino kisicho na shaka. Aliyeshika kanuni ya chaki nyekundu ataipita bila kupiga mstari. Mwalimu akikusanya madaftari, asimkate maksi mwanafunzi huyo kabla hajaziandika upya ubaoni zile sentensi mbili za Nyarugusu.