Mtoto Aliyeziba Masikio Mapema

Katika filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1959, North by Northwest, kuna mkahawa wenye madirisha makubwa yanayotazama nyuso za marais wa Marekani zilizochongwa kwenye mlima Rushmore. Eva Marie Saint anachomoa bastola na kumfyatulia Cary Grant mbele ya kadamnasi. Wageni wanaruka vitini, Grant anaanguka chini. Nyuma yao, amekaa mezani kimya, kuna mtoto wa kiume ambaye hashtuki hata kidogo. Kabla ya mlio kusikika, ameshatia vidole masikioni na kujikaza.

Ni rahisi kukisia kilichotokea. Onyesho lilirudiwa na kurudiwa, mtoto akachoshwa na kelele, safari hii akajihami. Mhariri ama hakumwona, ama alimwona akasema moyoni: nani atamtazama mtoto wakati Cary Grant yuko pale? Na kweli, ili umwone inabidi uwaache mastaa wawili katika kilele cha mambo na kuyapeleka macho pembeni, kwa watu waliolipwa posho ya siku ili wakae wanywe kahawa. Ila kinachonifurahisha zaidi ni hiki: ndani ya kisa chenyewe, risasi ile ni ya bandia. Wawili wale wamepanga igizo la kumhadaa jasusi aitwaye Vandamm. Kwa hiyo, ukiwatoa wenye njama, mtoto yule ndiye mtu pekee mkahawani anayefanya kama aliyedokezwa siri. Mpelelezi makini angemwita pembeni amhoji.

Wapo watu ambao macho yao huwaendea watoto wa namna hii bila kutumwa. Ukikaa nao kutazama filamu watakuudhi: saa ya ukutani imerudi nyuma, tai imebadilika fundo, jeraha limehama shavu. Wengi wetu huwaona wasumbufu wanaoharibia wenzao starehe. Mimi nawahesabu kuwa watu wenye ufundi, na ufundi wao haupati kazi ya heshima popote kama katika filamu za upelelezi. Kwenye filamu ya mapenzi, glasi iliyokuwa nusu ikionekana imejaa tena, huo ni uzembe mdogo, maisha yanaendelea. Kwenye filamu ya mauaji, glasi hiyo ni ushahidi. Nani ameongeza kinywaji? Lini? Filamu ya aina hii imetualika tukague kila kilichopo chumbani, na ikishatualika haina haki tena ya kutuchagulia: kagueni glasi ya muuaji, ya mpelelezi iacheni.

Isitoshe, visa vyenyewe husimama juu ya jambo lisilolingana. Chukua The Third Man ya Carol Reed, ya mwaka 1949, iliyopigwa Vienna ya magofu ya vita. Holly Martins anaambiwa kwamba rafiki yake Harry Lime aligongwa na gari na watu wawili wakambeba kumvusha barabara. Bawabu wa jumba lile, aliyechungulia dirishani, anasema walikuwa watatu. Kuna anayesimulia maneno ya mwisho ya marehemu. Bawabu anasema alikufa papo hapo. Njia ya mwongo ni fupi, na filamu nzima inachimbuka kwenye hesabu hiyo ya mtu mmoja aliyezidi.

Au Dial M for Murder, Hitchcock tena, 1954. Tony Wendice amemtuma mtu aitwaye Swann amuue mkewe, na amemwachia ufunguo wa nyumba chini ya zulia la ngazi. Mambo yanaharibika, mke anamuua Swann kwa mkasi. Tony anaupekua mwili, anatoa ufunguo mfukoni na kuurudisha kwenye mkoba wa mkewe, akiamini ni uleule. Kumbe Swann alipofungua mlango aliurudisha ufunguo chini ya zulia palepale, kabla hajaingia. Ule wa mfukoni ni wa nyumbani kwake. Inspekta Hubbard anashinda kwa kuuliza swali ambalo msimamizi wa skripti huliuliza kila siku kazini: kitu hiki kilikuwa wapi mara ya mwisho, na kimefikaje hapa? Wasomaji wa Mohamed Said Abdulla wanalijua swali hilo tangu zamani. Mpelelezi wake, Bwana Msa, naye, na kiko chake mdomoni, huanzia pale ambapo wenzake wamepita wakaona hakuna kitu.

Inafaa kujua makosa haya huzaliwaje, maana anayejua hutafuta mahali penye uwezekano. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa kisa. Maonyesho yote ya ofisini hupigwa pamoja, hata kama la kwanza ni la mwanzo wa filamu na la pili ni la mwisho, kwa sababu ofisi imekodiwa, taa zimeshafungwa, na mwigizaji ana siku zake maalumu. Mtu anaweza kutoka chumbani Jumatatu akatokea koridoni wiki tatu baadaye. Na hata ndani ya onyesho moja, mazungumzo ya dakika mbili hupigwa kutoka upande huu, kisha kamera na taa zinahamishwa saa nzima, kisha upande wa pili. Mhariri huchagua vipande vilivyo bora na kuvishona. Sigara ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa inaungua yenyewe. Mshumaa vilevile. Barafu kwenye glasi, nywele zilizolowa, chakula sahanini: chochote kinachopungua au kukauka bila kuombwa ruhusa.

Ndiyo maana kwenye seti kuna msimamizi wa skripti, mtu ambaye kazi yake ni kukumbuka. Ana saa ya kupimia muda shingoni na skripti mapajani, na juu ya kila ukurasa huchora mistari ya wima, mmoja kwa kila kipande kilichopigwa: mstari ulionyooka pale anayesema yuko mbele ya kamera, uliopindapinda pale sauti yake inasikika na mwenyewe haonekani. Pembeni anaandika kwamba kikombe kiliinuliwa kwa mkono wa kushoto, katika neno hili, si lile linalofuata. Zamani za kamera ya Polaroid alipiga picha ya kila mwigizaji kabla hajaondoka, vifungo na yote. Kwa miaka mingi kazi hii iliachiwa wanawake, na kwa miaka hiyohiyo majina yao yalipita kwenye kioo haraka, watazamaji wakiwa wameshasimama.

Angela Allen ni mmoja wao. Akiwa bado binti mdogo alishika daftari katika kikosi cha pili cha The Third Man, na muda si mrefu akawa na mwongozaji John Huston huko Kongo na Uganda, wakipiga The African Queen iliyotoka mwaka 1951. Hiyo si filamu ya upelelezi, lakini niruhusuni. Kikosi kiliugua, mashua ilizama ikabidi iopolewe, na sehemu nyingine za majini zikaja kumaliziwa studio Uingereza. Fikiria madoa ya gauni la Katharine Hepburn: yaliingia kwenye mto mmoja huko Kongo, yakatakiwa kuonekana yaleyale London, chini ya taa, ilhali matope yale yamebaki Afrika. Kilichosafiri ni maandishi ya daftari.

Tendo lililo kubwa kuliko yote katika ufundi huu, kwa maoni yangu, ni la Alma Reville. Alikuwa mhariri tangu enzi za filamu zisizo na sauti, na alikuwa mke wa Hitchcock. Psycho, ya mwaka 1960, ilikuwa imekamilika, au hivyo ndivyo walivyodhani. Janet Leigh amelala sakafuni bafuni baada ya kuchomwa kisu, shavu limeigusa sakafu, jicho wazi, na kamera inarudi nyuma polepole ikitokea kwenye jicho hilo. Kipande hicho kilikuwa kimetazamwa na mwongozaji, mhariri na wenzao, tena na tena. Alma akasema filamu haiwezi kutoka hivyo, kwani marehemu yuko hai. Masimulizi yanatofautiana hapo: wengine husema alimeza mate, wengine alivuta pumzi, wengine alipepesa. Kipande kikarekebishwa.

Kwa nini yeye, na si wale wote? Nadhani wenzake walikuwa wakitazama kazi yao. Mpiga picha alitazama mwendo wa kamera, mhariri alitazama maungio, mwongozaji alitazama alichokuwa nacho kichwani miezi yote ile. Alma alimtazama maiti.

Na hata yeye hakumaliza. Inasimuliwa kwamba baada ya filamu kutoka, madaktari wa macho walimwandikia Hitchcock kumweleza kuwa mboni ya mfu hupanuka, na ile ya Janet Leigh ilikuwa imejifinya kwa mwanga wa taa. Mtu huona kwa kazi yake. Kwetu ni vivyo hivyo. Ingia kibanda umiza chochote jijini Dar es Salaam inapoonyeshwa Bongo Movie yenye mauaji na utajiri wa ghafla: msusi ndiye atakayesema kwamba yule mke aliingia kituo cha polisi na rasta, akatoka na mawigi, bodaboda ndiye atakayegundua kuwa pikipiki ya muuaji imebadilika namba njiani. Mgonjwa mahututi akiamka na kope za bandia, hapo hahitajiki mtaalamu, kibanda kizima kitacheka. Watetezi husema filamu zetu hupigwa kwa siku chache, na watu watatu wanafanya kazi za watu kumi. Ni kweli. Lakini daftari na kalamu haviuzwi bei ya kamera, na mtazamaji aliyelipa kiingilio chake ana haki ya kucheka.

Matundu ya kisa ni habari nyingine, ngumu zaidi, kwa sababu hayaonekani kwa jicho. Hitchcock alikuwa akiyazungumzia kwa mfano wa jokofu: umesharudi nyumbani usiku, unatoa kuku wa baridi ule, na ndipo swali linapokujia. Mwenyewe hakuyaogopa sana. Katika Vertigo ya 1958, mwanamke anaingia hotelini, mpelelezi Scottie anamfuata, na mwanamke hayumo. Filamu inaisha bila neno juu ya hilo. Mwanzoni Scottie ananing'inia kwenye mfereji wa paa, vidole vinateleza, na tunapomwona tena yuko kwenye fleti ya rafiki yake Midge na mkongojo. Nani alimshusha? Hatuambiwi. Hilo la pili silihesabu kuwa kosa hata kidogo: kwa kadiri filamu inavyoendelea, inakuwa kana kwamba hakushushwa.

Maarufu kuliko yote ni dereva wa The Big Sleep, ya Howard Hawks, 1946. Owen Taylor anakutwa amekufa ndani ya gari lililotumbukia baharini. Walipokuwa wakiigeuza riwaya kuwa filamu, watengenezaji wakabishana aliuawa na nani au alijiua, wakampelekea Raymond Chandler simu ya maandishi. Chandler, aliyekitunga kisa, akajibu kwamba naye hajui. Kuna toleo la awali la filamu hiyo, la 1945, ambamo mpelelezi Marlowe anakaa na mwendesha mashtaka na kueleza mambo kinagaubaga. Toleo lililokwenda sinema liliondoa maelezo hayo, na nafasi ikapewa mastaa wake, Bogart na Bacall, wakirushiana maneno. Tundu likapanuka, filamu ikawa tamu zaidi. Anayekasirikia jambo hili ana masikio mabovu.

Kwa hiyo mtambuzi ninayemsifu si yule mwenye orodha ndefu. Ni yule anayeanza kwa kuitetea filamu. Katika Citizen Kane ya 1941, watu wamesema miaka na miaka: Kane anafia chumbani peke yake, muuguzi anaingia baadaye, basi nani alilisikia neno lile la mwisho ambalo mwandishi wa habari anazunguka nchi nzima kutafuta maana yake? Kosa kubwa, wanasema, filamu nzima imejengwa juu ya hewa. Lakini karibu na mwisho mtumishi Raymond anamwambia mwandishi kwamba alimsikia, na kwamba tufe la kioo lilipovunjika alijua mzee amekwisha. Tunaweza kubishana kama Raymond anasema kweli. Ni mtu anayeuza habari kwa pesa. Ila jibu limo, na waliolalamika walikuwa wameshaacha kusikiliza. Fundi anayegeuza nguo upande wa ndani kukagua mishono hukutana na mishono mizuri pia, na lazima aiseme.

Zipo filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu huyu hasa. The Sixth Sense ya M. Night Shyamalan, 1999 (ambaye hajaiona aruke hapa), haiwezi kutazamwa mara moja. Daktari Malcolm amekufa tangu mwanzo na hajui. Ukiirudia ukiwa na daftari, ukidhani utaikamata, ndipo inapokukamata wewe. Mgahawani mkewe hajamjibu hata neno, na anaivuta bili kabla mkono wa mumewe haujaifikia. Mama wa mtoto anayemtibu amekaa naye sebuleni, wote kimya, na sisi ndio tuliowazia mazungumzo yao. Nguo za Malcolm ni zile alizovaa au kuzigusa usiku ule aliopigwa risasi. Mlango wa chumba cha chini ya nyumba haufunguki, naye anajipapasa mifukoni akitafuta ufunguo. Mwishoni tunaonyeshwa kwamba muda wote mbele ya mlango huo kulikuwa na meza yenye vitabu juu yake. Kila kitu kimefungwa. Isipokuwa tumeshamwona, zaidi ya mara moja, akiwa mle chini anafanya kazi. Aliingiaje? Wapo wanaosema maiti hapiti milango kama sisi, na mtoto alishaeleza kuwa wafu huona wanachotaka kuona. Wapo wasemao hilo ni jibu la kuombea msamaha. Mimi nipo na wa kwanza, lakini nimeshaurudia ule mlango, na sina uhakika kwamba nitabaki nao.