Kona Nayo ni Pembe

Kabla ya Wanormani kuvuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa na neno lake la kona: hyrne. Karne zilizofuata likaandikwa hirne, ama herne. Wataalamu wa asili ya maneno wanalihusisha na horn, yaani pembe, ile ile inayomtoka ng'ombe kichwani. Mwingereza wa enzi hizo akitazama pale kuta mbili zinapokutana, aliona ncha ya pembe. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, bado alikuwa nalo: alilitumia kueleza watu wanaojibanza vichochoroni, nje kidogo ya mji. Baada yake likafifia. Leo utalikuta zaidi kwenye majina ya mahali, kama kijiji cha Herne kule Kent.

Lililolisukuma ni corner, neno lililoingia na Kifaransa cha watawala. Kifaransa kililitoa kwenye Kilatini, cornu. Na cornu ni nini? Pembe. Ya ng'ombe, tena. Yaani Waingereza walifukuza pembe moja mlangoni wakaipokea nyingine dirishani, na hawakushtuka, kwa sababu ile mpya ilikuwa imevaa nguo za kigeni. Miaka mingi baadaye neno hilo likapanda meli likatufikia sisi. "Dere, nishukishie hapo kwa kona." Mtangazaji wa mpira anapopaza sauti kwamba ni kona, anataja pembe bila kujua.

Sisi lakini tulikuwa na letu. Pembe ya ng'ombe, pembe ya chumba, pembe za ndovu, pembetatu kwenye daftari la hesabu: neno moja, na kamusi ya Johnson ya 1939 inayaweka mahali pamoja mambo hayo. Mzungumzaji wa Kiingereza akisema corner hasikii mnyama yeyote. Wewe ukisema pembe, mnyama bado yupo chumbani. Basi swali langu ni hili: tunaposema kona tu, tunapoteza nini? Mahali pazuri pa kulijibu ni Lamu, kwa sababu huko pembe ina sauti.

Visiwa vya Lamu vina siwa mbili mashuhuri. Siwa ni baragumu kubwa linalopulizwa kwa ubavuni. Ya Pate ni ya pembe za ndovu. Ya Lamu ni ya shaba, lakini fundi aliyeiunda aliipa umbo la pembe, kana kwamba kitu cha kutangaza hakiwezi kuwa na umbo jingine. Zilipulizwa kwenye sherehe kubwa na shughuli za utawala. Na mbiu je? Ule usemi tuliokaririshwa shuleni, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, wengi wetu tuliumeza bila kuuliza mbiu ni kitu gani. Ni pembe la mnyama, lililotumika kuwatangazia watu habari. Kwa hiyo pwani yetu ina fikra ya zamani: pembe ni kitu kinachosikika.

Upande wa pili ni nyumba. Nyumba kongwe za mawe za Lamu unaziingia kwa hatua: daka nje, kisha uwanda, kisha misana, mpaka ufike ndani, chumba chenye zidaka ukutani, vile vishubaka vilivyopangwa kwa ajili ya sahani za kaure na vitu vya thamani. Kadiri unavyosogea mbali na ndia, ndivyo heshima inavyozidi. Mgeni wa kupita haoni. Huku pembe inamaanisha sitara, na kilichowekwa huko hakikutupwa. Kimehifadhiwa.

Sasa soma makala za safari kuhusu Lamu. Nimezisoma nyingi kuliko afya yangu inavyoruhusu. Karibu zote zinaita mahali hapa kona iliyosahaulika, kona ambapo muda umesimama, punda badala ya magari, na kadhalika. UNESCO iliuweka mji wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na bado mwandishi anafika na kamera yake akitangaza kwamba pamesahaulika. Na nani? Kosa la makala hizi naliona kwenye sarufi yake. Kona daima ni kona ya kitu, na wao hawasemi chumba kilichorwa na nani. Ukikaa Nairobi ukitazama ramani, ndiyo, Lamu iko pembeni kabisa, huko juu karibu na Somalia. Ukikaa kwenye jahazi linalokuja na kaskazi kutoka Uarabuni, Lamu inakupokea mapema. Hapo si mwisho wa chumba. Ni mlango.

Waarabu wanalijua hili kwa namna yao. Zawiya kwa Kiarabu ni pembe ya jengo, na neno hilo hilo likawa jina la mahali pa masufi kukutana, kusoma na kumtaja Mungu. Pembe ikageuka kitovu. Lamu yenyewe hujaa kila mwaka wakati wa Maulidi, watu wakisafiri kutoka pwani nzima kuja Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh. Hakuna anayesema anakwenda kona iliyosahaulika.

Lakini lugha ya serikali nayo ina chumba chake. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato iliorodhesha kaunti 14 zilizotengwa kimaendeleo, na Lamu ni mojawapo. Nia ilikuwa njema: zipate fedha za kusawazisha. Ila angalia vile tunavyosema kwa Kiswahili: kaunti za pembezoni, zilizowekwa pembeni. "Weka hiyo pembeni" ni amri ya kuacha kushughulika na kitu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, Lamu iliishi kwenye kafyu, na wavuvi wa usiku wakabaki nchi kavu. Kisha ikaja bandari ya LAPSSET, na mahali palipokuwa mwisho wa ramani ghafla pakawa mwanzo wa barabara na mabomba ya watu wengine.

Hapa ndipo maana ya kale ya pembe inaponigusa. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari. Mwaka uliofuata, kwenye kesi iliyofunguliwa na Save Lamu na wenzao, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe. Mojawapo ya sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Soma sababu hiyo tena. Kesi ilikuwa ya hewa na bahari, ndiyo, lakini ilikuwa pia ya kusikilizwa. Watu wa pembe walipuliza pembe.

Sitaki tupambe mambo. Siwa haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya watawala na waungwana, na katika mji ule ule palikuwa na watumwa ambao hakuna siwa iliyowalilia. Pembe za ndovu nazo zina damu, ya tembo na ya waliozibeba. Neno likiwa la zamani haliwi safi kwa sababu hiyo. Nani anashika pembe, na nani anaamriwa akae pembeni: mzozo huo ulikuwepo kabla ya Nairobi kuwa mji.

Kwa hiyo siombi tupige kona marufuku. Kiingereza chenyewe kilikopa, na kona ya matatu itabaki kona. Ninachoomba kwa sisi tunaoandika ni kidogo zaidi. Ukiandika "kila kona ya nchi", simama ujiulize unaangalia ukiwa umekaa wapi. Na ukiandika kuhusu Lamu, jaribu pembe badala ya kona, uone sentensi inakulazimisha kufanya nini. Kona unaweza kuikata ukapita zako. Pembe ina ncha, ina mwenyewe, na ikilia, kuna jambo.